Jinsi ya kuonja bia za krafti za Marekani na kuziandikia tathmini

Maswali ni yale yale. Ndugu akitua hapa Maryland, wiki haijaisha ananifuata jikoni na glasi mkononi: "Hii bia mbona chungu hivi, au imeharibika?" Mwingine amesimama dukani mbele ya rafu iliyojaa makopo ya rangi zote, ananipigia simu aanze na lipi. Wa tatu ameshaonja na anataka kuandika tathmini, ila kila akijaribu anaishia "nzuri sana, nimeipenda", halafu kalamu inagoma. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Tuelewane kwanza: krafti ni bia za viwanda vidogo vinavyojitegemea, vilivyoanza kuchipuka Marekani watu walipochoshwa na laga nyepesi zilizofanana kama mapacha. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua Anchor, kiwanda cha San Francisco kilichokuwa taabani. Mwaka 1980 Ken Grossman na Paul Camusi wakaanza kupika Sierra Nevada mjini Chico, California, na mapishi kadhaa ya mwanzo waliyamwaga kwa sababu hayakutoka sawasawa. Historia inatosha.

Na hili si la watoto. Marekani umri wa kununua pombe ni miaka 21, na kitambulisho utadaiwa hata ukiwa na mvi. Kama unaendesha gari, una mimba, unatumia dawa zisizopatana na pombe, au hunywi tu, usikubali kushawishiwa na mtu, mimi nikiwemo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Bia nne, si kumi. Hizi nimezichagua kwa sababu kila moja inafundisha kitu chake, na nyingi zinapatikana bila kuhangaika:

- Samuel Adams Boston Lager, kileo asilimia 5. Jim Koch aliiingiza sokoni Boston mwaka 1985. Hii ndiyo daraja: ni laga kama ulizozizoea nyumbani, ila kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinasikika zaidi.
- Allagash White, asilimia 5.2, ya Portland, Maine, tangu 1995. Ni bia ya ngano kwa mtindo wa Ubelgiji, imetiwa mbegu za giligilani na maganda ya machungwa. Ina ukungu kwa asili yake, usiirudishe dukani.
- Sierra Nevada Pale Ale, asilimia 5.6. Ukionja moja tu maishani, iwe hii. Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu; zile za aina ya Cascade, zilizotolewa kwa wakulima mwaka 1972 baada ya utafiti wa Oregon, ndizo zilizoipa bia ya Marekani harufu yake ya balungi.
- Edmund Fitzgerald Porter, asilimia 6, ya Great Lakes Brewing, Cleveland, Ohio. Ni pota, nyeusi. Jina ni la meli iliyozama Ziwa Superior Novemba 1975 na mabaharia wake wote 29. Usipoipata, chukua pota yoyote yenye tarehe nzuri.

IPA, yaani bia yenye hopsi nyingi na uchungu mkali, iache kwanza. Najua ndiyo inayosifiwa kila kona, na Two Hearted ya Bell's kutoka Michigan, asilimia 7, hopsi za Centennial peke yake, ni bia ninayoipenda kuliko zote nne hapo juu. Lakini ukianza nayo, uchungu wake unaukalia ulimi na zinazofuata zote zitaonekana maji. Ifanye ya siku ya pili.

Zaidi ya bia:

- Glasi safi kwa kila mtu, mbili zikiwezekana. Ya mvinyo, yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, inafaa kuliko zile pana za baa.
- Maji ya kunywa, na mkate mkavu au biskuti zisizo na chumvi nyingi. Karanga za chumvi, chipsi na nyama choma visubiri.
- Daftari na kalamu. Simu iweke mbali, maana ukishaona wengine wameipa alama ngapi, ulimi wako umeshahongwa.
- Chumba kisicho na harufu. Usionje huku vitunguu vinakaangwa au udi umefukizwa, na marashi yako yaache bafuni.
- Wenzako wawili wa kugawana nao. Chupa ya kawaida ya Marekani ni mililita 355; mkigawana watatu, kila mtu anapata kama mililita 120, na hizo zinatosha kabisa kuandikia.

Kazi yenyewe

1. Soma tarehe kabla ya kulipa. Harufu ya hopsi hufifia haraka, na bia iliyokaa rafuni miezi minane haiwezi kukuonyesha alichokikusudia mpishi. Kwa bia zenye hopsi nyingi mimi sivuki miezi mitatu tangu ifungwe. Hapa kuna mtego: Wamarekani huanza na mwezi. 03/04 kwao ni Machi tarehe 4, wala si Aprili tarehe 3. Viwanda vingine huandika siku ya kufungwa, vingine mwisho wa ubora, kwa hiyo soma maneno yanayozunguka tarehe. Ukikuta namba kama 045, mara nyingi ni siku ya 45 ya mwaka, yaani Februari 14. Chupa iliyoanikwa dirishani kwenye jua iache hapo hapo.

Kuna wanaouliza Anchor Steam. Kiwanda kilifunga milango mwaka 2023. Mtu akikuuzia chupa ya enzi hizo kwa bei ya kuruka, amekuuzia kumbukumbu. Iweke kabatini, usiitathmini.

2. Osha glasi upya, hata kama "ni safi". Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi ndiye shahidi. Mwaka wangu wa kwanza nilimimina pota kwenye glasi iliyooshwa sinki moja na sufuria la pilau. Povu lilipanda kidole kimoja, likazimika kama mshumaa uliopulizwa. Nikaandika kwa kujiamini: "Bia imekufa, haina uhai," nikaibamiza alama za chini. Wiki iliyofuata nikafungua chupa nyingine ya pakiti ile ile kwa shemeji, kwenye glasi yake, povu likakaa mpaka tone la mwisho. Kilichokufa kilikuwa ni sponji langu.

Osha kwa maji moto na sabuni kidogo, sponji lisiwe la vyombo vya mafuta, suuza sana, kisha pindua glasi ijikaushe yenyewe. Unataka uhakika? Ilowanishe, nyunyizia chumvi ndani: pasipo mafuta chumvi inashika sawasawa, penye mafuta inateleza na kuacha madoa. Na ukimimina ukaona vipovu vimeganda ukutani mwa glasi badala ya kupanda juu, hiyo glasi haijatakata.

3. Itoe kwenye friji mapema. Nyumbani mhudumu anakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" na wale wazee wa ya moto tulikuwa tunawacheka. Hawakukosea sana. Baridi kali inautia ganzi ulimi na kufungia harufu; ndiyo maana bia mbovu hunadiwa kwa barafu. Ila ya moto ya Dar es Salaam, nyuzi 28, nayo imepitiliza. Laga na bia ya ngano zifae nyuzi 5 hadi 7, eli (ndiyo hiyo "ale" ya kwenye lebo) kama Sierra Nevada 7 hadi 10, pota 10 hadi 13. Huna kipimajoto? Toa laga dakika tano kabla, eli dakika kumi na tano, pota nusu saa. Kama kipimajoto chako ni cha Kimarekani, nyuzi 45 za huko ni kama 7 zetu, na 55 ni kama 13. Glasi iliyogandishwa kwenye friza ni ya picha tu.

4. Panga mstari. Nyepesi kwanza, nzito mwisho. Chungu zaidi ije baada ya isiyo chungu. Kwa nne zetu: White, Boston Lager, Sierra Nevada, pota. Usichanganye kwa sababu mgeni anaipenda nyeusi.

5. Mimina kwa ujasiri. Inamisha glasi, anza kumimina ubavuni, ikifika nusu isimamishe wima na umalizie katikati ili povu lije vidole viwili. Wengi wetu tumefundishwa kulikwepa povu tukidhani tunapunjwa. Povu ndilo linalobeba harufu. Chupa ya Sierra Nevada ina hamira kidogo chini, kwa kuwa gesi yake inazaliwa ndani ya chupa. Ukiitaka angavu, acha kidole kimoja cha bia chupani. Ukimwaga yote, itakuwa na ukungu, haina madhara, ila andika kwamba ulimwaga yote.

6. Tazama. Rangi, uangavu, povu: jeupe au la maziwa, linakaa au linazima, linaacha pete kwenye glasi? Sekunde kumi zinatosha. Rangi haionyeshi ukali. Kuna pota za asilimia 5 na bia za dhahabu za asilimia 9.

7. Nusa kabla ya kuonja, na usiwe na haraka. Zungusha glasi mara mbili, nusa kwa pumzi fupi fupi kama anayenusa mchuzi, si pumzi ndefu ya kwa daktari. Pua ikichoka, inusishe mkono wa shati lako mwenyewe, kisha rudi.

Sasa andika kinachokujia, kwa maneno ya harufu unazozijua. Hili nalirudia kwa kila mtu. Lebo itakuambia kuna msonobari. Wewe umekulia Mtwara, msonobari uliuona kwenye kadi za Krismasi. Ukiandika "msonobari" umenakili lebo. Lakini ubani unaujua, ule mkavu kabla haujagusa kaa la moto. Basi ndio huo huo, andika ubani. Mwanafunzi wangu mmoja alihangaika na Sierra Nevada robo saa, eti "kitu cha matunda". Nikamwambia afumbe macho aseme yuko wapi. Akajibu: "Niko kwa bibi Muheza, namenya balungi, mafuta ya ganda yamenirukia machoni." Hakuna tathmini ya Kiingereza niliyosoma ya bia ile inayomshinda.

Ukikwama, pita kwenye makundi haya. Kimea: ukoko wa mkate, biskuti, uji, sukari iliyoungua ya kashata, na kwa pota kahawa ya kijiweni na mkate ulioachwa motoni. Aliyekulia Kilimanjaro na mbege ana faida hapa, harufu ya kimea kilichoota anaijua tangu utotoni. Hopsi: balungi, ganda la chungwa, embe bichi, nanasi, pasheni, mchaichai, ubani, majani yaliyofyekwa. Hamira: ndizi mbivu, karafuu, pilipili manga. Kwenye White usishangae ukikutana na giligilani na karafuu pamoja. Giligilani imetiwa, karafuu ni kazi ya hamira.

8. Onja. Funda la kwanza la kusukutua, usiliandikie chochote. La pili lizungushe mdomoni, meza kidogo, toa pumzi kwa pua huku mdomo umefunga. Wanaoonja mvinyo hutema. Kwenye bia tunameza, kwa sababu harufu nyingi hupanda puani kutokea kooni. Jiulize kwa mpangilio: nini kimetangulia, nini kimefuata, nini kimebaki. Utamu wa kimea ulikuja kwanza? Uchungu uliingia wapi, na uliondoka saa ngapi? Mimi huhesabu kimoyomoyo. Kisha uzito: ni maji, maziwa, au uji mwepesi? Gesi inachoma au inabembeleza?

Uchungu si kasoro. Hopsi zimetiwa ili bia iwe chungu, kuukata utamu wa kimea. Sierra Nevada ina IBU 38, kile kipimo cha uchungu, na kwa wapenzi wa IPA hiyo ni ya kuanzia tu. Swali la kuandikia ni kama uchungu na utamu vimeshikana, au kimoja kimempiga mwenzake.

9. Iache dakika kumi, urudi. Bia ikipungua baridi hufunguka. Pota inayosinzia mwanzoni huamka na chokoleti, na laga yenye kasoro hujitaja yenyewe. Kati ya bia na bia, maji na kipande cha mkate.

10. Andika ulichokuta kwanza, hukumu baadaye. Andika pia mazingira: chupa au kopo au bomba, tarehe, glasi, baridi yake. Bila hayo, msomaji hajui umeonja nini hasa.

11. Toa alama. Waamuzi wa mashindano mengi ya bia nchini Marekani hutumia karatasi ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Uzuri wake ni kwamba sura inapata alama tatu tu, kwa hiyo bia haiwezi kupita kwa urembo. Alama pekee bila maelezo usiiandike kabisa.

Hii ni tathmini ya kwanza ya binamu yangu: "Sierra Nevada. Kali, chungu kiasi, inanyweka. 7 kati ya 10." Ukimficha jina, hujui ni bia au dawa ya kikohozi. Hii ni ya mwezi mmoja baadaye, ameniruhusu niitumie:

"Sierra Nevada Pale Ale, chupa ya mililita 355, siku 40 tangu ifungwe, glasi ya mvinyo, nyuzi 8 hivi. Rangi ya shaba iliyosuguliwa, ukungu kidogo kwa kuwa nilimimina yote. Povu vidole viwili, limeacha pete kila nilipokunywa. Puani balungi lililomenywa sasa hivi, nyuma yake ukoko wa mkate. Mdomoni inaanza na biskuti, uchungu unaingia katikati na kubaki kooni kama ngozi nyeupe ya balungi, nimehesabu mpaka ishirini. Uzito wa kati, gesi inachangamsha. Baada ya dakika kumi, ubani. Ningeinywa na samaki wa kukaanga mwenye ndimu. Harufu 10, mwonekano 3, ladha 16, mdomoni 4, maoni ya jumla 8. Zote arobaini na moja."

Mimi ningeipa ladha 17, lakini mdomo ni wake.

Mambo yakienda kombo

Zote zinanukia sawa. Una mafua, umetoka kuvuta sigara, au umetoka kula pilipili. Ahirisha. Kama huna hayo, glasi haikusuuzwa kati ya bia na bia.

Inanuka mahindi ya kuchemsha. Kimea cha rangi nyepesi hutoa harufu hiyo kikichemka, na kwenye laga kidogo tu huvumilika. Ikitawala, iandike kama kasoro.

Inanuka bisi zilizopakwa siagi, na ulimi unateleza. Hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, au ni baa yenye mabomba machafu. Ionje ya chupa kabla hujalaumu kiwanda.

Inanuka boksi lililolowa. Imezeeka, hewa imeila. Rudi hatua ya 1.

Inanuka kicheche. Wamarekani humtaja mnyama wao mwingine, tabia moja. Mwanga umeivamia hopsi. Chupa za kijani na nyeupe ndizo waathirika wakubwa, za kahawia zinajikinga zaidi, makopo hayapatwi kabisa.

Imekuwa siki. Soma lebo kwanza, kuna bia zinazopikwa chachu kwa makusudi. Kama si hizo, imeingiliwa na vijidudu.

Povu limefumuka na kumwagika mezani. Mara nyingi ilikuwa ya moto au imetikiswa garini. Laza nyingine friji usiku mzima, uifungue kesho yake.

Uko Nairobi au Dar na umeletewa kwenye begi. Hatua ni zile zile, ila hesabu miezi ya safari na joto la njiani. Ukipewa chaguo, omba pota kuliko yenye hopsi nyingi, inavumilia safari.

Mwenzako anapata embe, wewe hupati. Usiandike embe.

Uchungu umekushinda kabisa. Rudi kwenye White wiki mbili, kisha Boston Lager, halafu ujaribu tena Sierra Nevada pamoja na chakula. Ikikushinda hata hapo, wewe ni mtu wa kimea, kaa upande wa pota bila aibu.

Umefika bia ya nne na mwandiko unapinda. Funga daftari, pota ibaki friji. Tathmini zangu zote za baada ya saa nne usiku nilizifuta. Moja ilikuwa na mstari mmoja tu: "Hii pota inanielewa."